Shale ya Québec au nyumba ya Muhumba: hesabu watu kabla ya kuhesabu usiku

Familia ya Bukavu, Kongo, inayoishi Québec, Kanada, ikianza kupanga likizo ya Julai, mabishano huwa hayohayo: tukodi shale (nyumba ya mapumziko) kando ya ziwa huku, au pesa hiyo tuiongeze kwenye tiketi tukapange nyumba Muhumba au Nguba, mitaa ya Bukavu kando ya ziwa Kivu? Wengi wanalinganisha bei ya usiku mmoja huku na ya usiku mmoja kule, na hapo ndipo wanapokosea. Shale unaipata tupu. Kwetu nyumba ya ziwani haiendi bila watu wake: zamu (mlinzi), mama wa kupika, kijana wa kuchota maji, mwenye mtumbwi. Usipowahesabu hao, Kivu itaonekana ya bei ndogo. Na usipojiuliza nani atafanya kazi zao huku, utaita mapumziko kitu ambacho mama wa nyumba atarudi nacho amechoka kuliko alivyoondoka.

Tuanze na huku. Juma mbili za mwisho wa Julai ni likizo ya watu wa ujenzi, mkoa mzima unatoka kwa pamoja, kwa hiyo shale nzuri zinashikwa tangu Januari au Februari. Wakati huo wengi wanakodisha kwa juma zima, si kwa siku mbili tatu. Tangazo halali lina namba ya usajili ya tarakimu sita, ile ya CITQ, shirika linalosajili nyumba za watalii. Lisiloonyesha namba hiyo liache, hata picha zikiwa za kuvutia namna gani. Na bei iliyoandikwa siyo utakayolipa: shale ya dola 2,000 za Kanada kwa juma, ongeza kama dola 200 za usafi, TPS (kodi ya serikali kuu) 5%, TVQ (kodi ya mkoa) 9.975%, ushuru wa malazi 3.5%, unafika 2,600 hivi. Garanti, yaani amana ya uharibifu, bado. Mwenye nyumba mdogo ambaye mapato yake hayafiki dola 30,000 kwa mwaka anaweza asikutoze TPS na TVQ. Muulize kabla, usishtukie kwenye fakture.

Kinachoharibu likizo za watu wetu zaidi ni choo. Shale haijaunganishwa na mfereji wa mji. Maji machafu yanaingia kwenye tangi lililofukiwa uani, na ukubwa wa tangi hilo ulipangwa kwa idadi ya vyumba vya kulala. Nyumba ya msimu, sheria inataka tangi linyonywe mara moja kila miaka 4. Sasa nyumba ya vyumba 3, watu 8 kwenye mkataba, sisi tunafika 13, shangazi na watoto wa ndugu kwenye magodoro sebuleni, kila mmoja anaoga mara mbili kwa siku. Siku ya tatu maji yanapanda kupitia bafuni. Garanti imekwenda, na fundi wa Jumapili analipwa juu yake. Mafuta ya mawese nayo: yakimwagwa kwenye sinki yanaganda ndani ya bomba la baridi linalopita chini ya sakafu. Sufuria ya sombe (kisamvu) ifutwe kwanza kwa karatasi, karatasi itupwe kwenye taka, ndipo ioshwe.

Maji ya kisima yanasukumwa na pampu ya umeme. Radi ikikata umeme, bomba linakauka palepale, kwa hiyo jazeni ndoo mbili mara tu mnapoona mawingu mazito. (Mtoto wa Kadutu, kule Bukavu, hahitaji kufundishwa hili; aliyezaliwa Montréal anahitaji.) Kuni zinunuliwe hukohuko, msizibebe kutoka mjini, kwa sababu zinasafirisha wadudu wanaoua miti. Na kabla ya kuwasha moto wa nje, angalieni kama SOPFEU, shirika la kuzuia moto wa misitu, haijatangaza marufuku. Kiangazi kikiwa kikavu marufuku inakuja ghafla, na samaki wenu wataishia kwenye jiko la gesi. Pima chupa ya gesi siku ya kuingia kwa kuinyanyua. Mara nyingi aliyetangulia ameimaliza.

Ziwa la huku linadanganya. Juu maji ni vuguvugu, lakini mita chache chini ni baridi ya kukata pumzi. Mtoto avae koti la kuokolea linalolingana na kilo zake. La mtu mzima linampita kichwani akianguka. Mtumbwi wowote wenye injini, hata ndogo ya betri, unadai kadi ya mwendesha boti.

Upande wa Kivu, ziwa lenyewe ni la upole zaidi kwa watoto: liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji yake hayana ule ubaridi, hakuna mamba. Gesi inayozungumzwa sana imeyeyuka kwenye kina kirefu, haimgusi anayeogelea ufukweni. Hatari ya hewa ni mazuku, nayo ni ya kaskazini, Goma na njia ya Sake: kabonidayoksaidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni hasa alfajiri kabla ya upepo. Mtoto mfupi ndiye inayemfikia kwanza. Ukipanga nyumba huko, waulize majirani ni mashimo gani mbuzi wanafia. Bukavu shida ni nyingine, uchafu. Mto Kawa unashusha taka nyingi za mji ziwani, kwa hiyo usikubali nyumba iliyo karibu na mdomo wake, na baada ya mvua kubwa msiogelee hata mbali kidogo na hapo.

Maji ya nyumbani yanahitaji hesabu ya kweli. Watu 10 wakitumia litri 50 kila mmoja, ni litri 500 kwa siku, yaani bidoni (madumu) 25 za litri 20. Sisterne (tangi la maji) ya litri 1,000 inawatosha siku mbili tu REGIDESO, kampuni ya maji, ikikata. Kwa hiyo usiulize "kuna maji?", maana jibu ni ndiyo daima. Uliza sisterne ni ya litri ngapi, ilijaa lini, na bidoni ikipandishwa kutoka chini inalipwa na nani. Umeme vilevile: kama kuna jenereta, mafuta ni ya nani? Komisionere, yaani dalali, hatakuambia haya. Yeye analipwa ukisaini. Mtume ndugu anayeishi palepale, aende saa moja jioni, afungue bomba, awashe taa, akupigie video bila kukata. Noti za dola ziwe mpya na zisiwe na mpasuko hata mdogo, la sivyo zinarudishwa.

Mambo mawili ya Québec ningependa tuyapeleke kwetu bila aibu: idadi ya watu iandikwe kwenye mkataba, na koti la kuokolea kwa kila anayepanda boti. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Boti ikijaa, shuka, hata kama umeshalipa.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na kuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, wengi wanashukia uwanja wa Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Wengine wanapanga nyumba upande huohuo wa Rwanda na kuwaita wazee wavuke. Ziwa ni lilelile, sambaza (dagaa wa Kivu) ni zilezile, na mimi siwalaumu. Tahadhari tu: saa ya kufungwa mpaka iulizwe siku ileile, na msipange karamu ya sambaza usiku wa mwezi mpevu, kwa kuwa wavuvi wa taa wanapata kidogo na bei inapanda.

Kuhusu zamu, ulizeni mapema kama mshahara wake umo ndani ya bei. Hata ukiwemo, chakula chake cha kila siku ni chenu, na ile shukrani ya mwisho mpeni mkononi mwake mwenyewe, msiipitishe kwa komisionere.