Picha Kongwe za Amu: Tazameni Vichochoro, Si Pwani

Picha ya zamani ya Amu (Lamu) inayopendwa kuning'inizwa hotelini ni ile iliyopigwa kutoka baharini: majahazi mbele, majumba nyuma. Kwa maoni yangu, ndiyo inayosema machache zaidi kuhusu maisha ya mji.

Hata hiyo ikaguliwe kwanza. Kioo cha picha (negativu) kikiwekwa kinyume wakati wa kuchapa, kushoto huwa kulia. Anayeutazama mji kutoka majini huona Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe, upande wa kulia na Langoni, mtaa uliokuwa wa makuti, kushoto. Mapaa ya makuti yakijazana kulia, picha imepinduka. Kisha itafute ngome. Ilipokamilika 1821 ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo iko kama mita 70 ndani, kwa sababu ufuo ulijazwa na kujengwa. Kwa hiyo zile roshani za pwani tunazojivunia ni sura ya baadaye, sura ya biashara.

Mambo yenyewe yako vichochoroni. Ukipata picha ya Mkomani, anza na daka la nyumba, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili. Wanaume walipokelewa na kuzungumza hapo, na wengi hawakuvuka zaidi. Inua macho uone wikio, chumba kilichopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Wanawake wa jamaa moja waliweza kutembeleana bila kukanyaga mtaa. Wakitoka nje, wenye nasaba walifunikwa na shiraa, turubali la kitambaa lililoshikiliwa na watumwa. Hapo ndipo wengi hukosea: huona wanawake wachache wenye mitungi na kusema, "Hawa ndio wanawake wa Amu." Aghalabu hao ni wale wasiokuwa na wikio wala shiraa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii 1907, na picha nyingi zilizotangulia mwaka huo zinatuonyesha watumwa kuliko mabwana zao.

Njia tupu nayo isikudanganye. Kamera za awali zilihitaji sekunde kadhaa. Aliyekuwa akitembea alifutika au akabaki ukungu, aliyekaa barazani akatokea wazi. Basi picha hizo huwapendelea waliokaa, na wachukuzi hupotea.

Kuhusu kadi za posta zenye rangi, nyingi zilipakwa kwa mkono baadaye. Usitaje rangi ya leso kwa kuzitegemea. Pindo na mji (sehemu ya kati) wa leso, vikionekana vizuri, ndivyo vya kushughulikia.