Meneja mradi anafanyaga nini kazini? Nilivyoona mimi huku Kigoma

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza chuo mwaka jana na sasa kaitwa usaili wa nafasi ya msaidizi wa meneja mradi hapa hapa mkoani. Juzi kaja nyumbani jioni akaniambia, "Kaka, nimesoma tangazo mara tatu. Kuratibu, kusimamia, kufuatilia. Hivi huyu mtu akiamka asubuhi anafanyaga nini hasa?" Nikashindwa kumjibu palepale, na mimi nimefanya kazi ya ugavi kwenye miradi zaidi ya miaka kumi, yani nimekaa ofisi moja na hawa mameneja, nimewanunulia mabomba, nimewasainisha LPO, yani hati za kuagizia vifaa, wengine nimewaona wanalia. Nimelifikiria hilo swali siku mbili nzima na naona linastahili jibu la kweli.

Huku kwetu cheo hiki kinajulikana kuliko kazi yenyewe. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa kule Kasulu 1996, nyingine ya Nduta ikawekwa Kibondo, na kambi zimeleta mashirika, mashirika yameleta miradi, na kila mradi una meneja wake na gari lake jeupe lenye antena ndefu mbele. Mtoto wa Kasulu anakua anaona lile gari linapita kwenye vumbi, anajua aliyekaa kule mbele ni mkubwa, ila ukimuuliza yule mkubwa anafanya kazi gani hajui, na ukweli ni kwamba hata wazazi wake hawajui.

Kuna mzee mmoja fundi mwashi tunakunywaga naye kahawa Ujiji, kajenga nyumba nyingi tu mji huu. Nikampelekea lile swali la mdogo wangu. Akasema, "Mwanangu, ukuta anajenga fundi, mchanga analeta dereva, hela anatoa mhasibu. Sasa huyo meneja anashika nini mkononi?" Watu pale kijiweni wote wakamuunga mkono, na mimi sikumbishia, maana ana hoja na hoja yake nimeiona kwa macho yangu. Nimefanya kazi na meneja ambaye wiki tatu kati ya nne za mwezi alikuwa kwenye laptopu tu, ripoti ya mwezi, ripoti ya robo mwaka, jedwali la mfadhili wa kwanza, jedwali la mfadhili wa pili anayetaka namba zilezile ila kwenye fomu nyingine, alafu mitingi ya kujadili ripoti. Vijijini alienda siku za wageni. Mafundi walikuwa hawamjui hata jina, na kazi iliendelea kwa sababu msimamizi wa saiti, kijana wa stashahada anayelipwa robo ya mshahara wa bosi wake, ndo alikuwa anapigiwa simu na kila mtu. Ukiangalia mradi ule utakubaliana na mzee, kwamba ukimtoa meneja, ukuta unasimama vilevile.

Ila haki niseme na hili, yule meneja hakuwa mvivu. Alikuwa anafika kwanza ofisini na anaondoka wa mwisho. Kazi aliyopewa ndo ilikuwa ile, waliomwajiri walitaka karatasi na karatasi walizipata.

Sasa niwaambie upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kitu. Tulikuwa na mradi wa visima virefu nane, vijiji vinane, wilaya moja ya mkoa huu, taasisi siitaji. Mtu anayepita barabarani kisima anakiona ni shimo na pampu. Lakini kabla ya shimo kuna mtaalamu wa kupima maji ardhini, kuna kibali cha kuchimba kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kuna serikali ya kijiji kukubaliana na mwenye shamba na makubaliano yaandikwe, sio ya mdomo. Ukishachimba unapima wingi wa maji, unapeleka sampuli maabara, ndo unafunga pampu, alafu kuna RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji pale kijijini ambacho kitabaki na ule mzigo nyie mkishaondoka. Kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Na juu ya vyote kuna mvua, si unajua mvua za Kigoma, Oktoba Novemba zikishaanza ndo basi, lile lori la kuchimbia ni zito mno, likiingia barabara ya udongo kwenye vijiji vya mabondeni halitoki. Kwa hiyo kibali kikichelewa wiki mbili tu mwezi wa nane unaweza kukosa maji mpaka mwezi wa tano mwaka unaofuata. Wiki mbili zimezaa miezi tisa.

Meneja wa mradi ule alikuwa dada mmoja, mtulivu, kaunta buku lake haliachi. Kila Jumatatu asubuhi kabla hajafungua laptopu alikuwa anapiga simu kama tano hivi, kwa mkandarasi, kwa bonde, kwa watendaji wa vijiji wawili watatu, na anakuja kwangu kuuliza mabomba yamefika wapi. Haulizi "mambo yanaendeleaje", anauliza "bomba zimepakiwa lini, dereva nani, nipe namba yake." Mwanzoni nilikuwa naona ananisumbua. Baadae nikaelewa, alikuwa anatafuta kile kitu kimoja ambacho kikikwama vyote vinakwama, na hicho kitu kinabadilika kila wiki, wiki hii ni kibali, wiki ijayo ni mzee mmoja ambaye watoto wake wamekataa shamba kuguswa.

Mwezi wa tisa mkandarasi akasema mashine inakuja wiki ijayo. Wiki ikapita, akasema tena wiki ijayo. Yule dada hakuandika barua, alisafiri siku nzima akaenda mpaka ilipo mashine, akaikuta mkoa wa jirani imesimama gereji inasubiri spea. Akarudi, usiku ule ule akapiga hesabu kwenye kaunta buku, asubuhi akaingia kwa mkurugenzi akamwambia msimu huu tutachimba vitano, vitatu vitaenda baada ya mvua, na mfadhili aambiwe leo. Mkurugenzi hakutaka kabisa. Akasema tusiwatishe wafadhili, subiri kwanza tuone. Dada akashikilia, kwa heshima lakini akashikilia, mpaka barua ikatoka. Mfadhili akakubali, akasogeza muda, na visima vyote nane vikachimbwa.

Mradi mwingine niliokuwepo, sehemu nyingine kabisa, ilikuwa hali ileile karibu kwa kila kitu, na meneja aliyajua matatizo vizuri tu, alitueleza sisi jikoni wakati wa chai. Ila kwenye ripoti aliambiwa aandike "utekelezaji unaendelea vizuri" na akaandika. Miezi minne mbele muda wa mradi ukaisha, hela iliyobaki ikarudi kwa mwenyewe, na kuna zahanati mpaka nilipoondoka ilikuwa na kuta na kenchi bila bati.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee ndo hili. Meneja mradi anashika taarifa mbaya. Anaitafuta ikiwa bado ndogo, anaibeba mpaka kwa mwenye hela, na anarudi na uamuzi kwa mwenye koleo. Ratiba na majedwali na mitingi ni njia za kuitafuta hiyo taarifa, na pale ambapo meneja haruhusiwi kuibeba kokote, basi vinabaki vyenyewe vitupu na mzee anakuwa sahihi.

Mtu atasema hii ni ya miradi midogo, miradi mikubwa ina wataalamu. Twendeni Tabora basi, Urambo. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, mashamba makubwa yakawa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Kazi ilianza 1947. Wasimamizi hawakukosekana, kulikuwa na kampuni kubwa mwanzoni kisha shirika la serikali yao, maofisa, matrekta, mpango ulioandikwa vizuri kabisa kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali karanga zikiwa chini, mvua hazikutosha, matrekta ya mtumba yalikufa yakisafisha vichaka. Wenyeji wa Kongwa ile ardhi waliijua, mvua zake waliziishi. Lakini ahadi ilikuwa imeshatolewa London kwamba karanga zitakuja, na mradi ukaendelea kusukumwa mpaka 1951 ulipofungwa, pauni milioni 36 hivi zimepotea. Urambo baadae ikashika tumbaku. Mimi nikiisoma habari ile sioni upungufu wa mameneja, naona taarifa iliyopo shambani ambayo haikupata mtu wa kuifikisha juu ikasikilizwa kwa wakati.

Na tukitaka kujua mradi bila meneja unakuaje hatuna haja ya kukisia, tulijaribu nchi nzima. Mwisho wa 2021 zilijengwa zile madarasa 15,000 za fedha za UVIKO, sekondari darasa moja milioni 20, kwa fosi akaunti, yani hela inaingia akaunti ya shule, shule inatafuta fundi na inanunua vifaa yenyewe, kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Hapa mzee wangu wa Ujiji anapata ushindi na nampa kabisa. Madarasa yalijengwa kwa miezi michache, mafundi wa mtaani walikula hela, na gharama ilikuwa chini ya ya mkandarasi. Mtu anayesema bila meneja mwenye cheti hakuna kinachojengwa aende akaangalie yale madarasa, watoto wamo ndani wanasoma.

Lakini tuangalie pia nani alikuwa meneja, maana yupo, ila hakuitwa hivyo wala hakulipwa hivyo. Ni mkuu wa shule. Namfahamu mmoja, mwalimu wa historia, alikuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kusubiri lori la mchanga, saa nne anatakiwa darasani, mchana anapigiwa simu kutoka halmashauri aseme amefikia asilimia ngapi, jioni anabishana na fundi anayetaka hela ya lipu wakati ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, haijaisha. Simenti ikitokea Dar mpaka ifike huku imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja, na kipindi kile kila shule inajenga siku moja, bei inapanda kila wiki na bajeti ni ileile milioni 20. Injinia wa halmashauri ni mmoja, saiti ni kibao. Mwalimu hajasomea nondo wala uwiano wa zege. Akaishia kukopa kokoto kwa jina lake mwenyewe. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimerudia zaidi ya mara moja kutaja udhaifu wa usimamizi kwenye fosi akaunti, na mimi nikisoma namuona yule mwalimu. Siku hizi wameongeza na manunuzi kupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, jambo zuri kwa uwazi, ila kwa shule ambayo mtandao unashikia juu ya kichuguu ni kazi nyingine juu ya kazi.

Kwa hiyo naegemea wapi? Kwa kisima kimoja au darasa moja sioni haja ya kuajiri mtu wa gari na posho, hela yake ingetosha kujenga darasa jingine. Kwa reli ya SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wa 2022, hakuna hata wa kubishana. Ugumu upo katikati, kata yenye madarasa sita na zahanati na vyoo kwa mkupuo, na hapo ndo tunamtwisha mwalimu. Ningependa kila kata inayopokea miradi ya namna hiyo ipewe mtu mmoja wa kusimamia yote kwa miezi ile ya ujenzi, fundi sanifu kijana tu, mwenye namba ya moja kwa moja ya mkurugenzi wa halmashauri na ruhusa ya kusimamisha kazi. Mshahara wake utatoka wapi sijapata hesabu inayonikaa sawa, maana ukimega kwenye milioni 20 unamega bati.

Mdogo wangu usaili wake ni Alhamisi. Nimemwambia wakimpa nafasi ya kuuliza swali awaulize kitu kimoja, siku meneja akigundua ratiba haitawezekana, anamwambia nani, na mara ya mwisho ilipotokea walifanyaje. Kaandika kwenye simu.