Dakika Tano Kutoka Stesheni

Mombasa siku hizi kila mtu broka. Muuza viazi karai broka, kinyozi broka, na mpwa wangu, aliyeshindwa hata kuuza kadi za simu, naye broka wa ploti. Juzi kanijia na karatasi ya rangi: "Mjomba, ploti futi hamsini kwa mia, Mariakani, dakika tano kutoka stesheni ya SGR, reli mpya. Wachana na kodi za nyumba huku Majengo, ujenge kwako!"

Dakika tano kwa nini? Kwa miguu, kwa bodaboda, au kwa mbawa? Akakohoa.

Nisionekane mkorofi, wazo lenyewe si baya. Reli ya zamani ilianzia hapa kwetu 1896, na stesheni ndizo zilizozaa miji. Nairobi penyewe palikuwa kinamasi hadi reli ilipofika 1899, na leo ndio wanaotupangia bei ya unga. Kisiwa hiki hakitanenepa. Vijana wanabanana chumba kimoja na jiko la gesi na mama mkwe, na huko bara, Mariakani, ardhi imelala tu.

Lakini hebu tufanye hesabu. Treni inayosimama Mariakani ni ile ya kituo kwa kituo. Inayotoka Mombasa yaondoka saa mbili asubuhi, yaelekea Nairobi. Inayotoka Nairobi nayo yaondoka saa mbili, huku kwetu yafika mwendo wa saa nane mchana. Mie kibarua changu Mwembe Tayari, katikati ya mji, tajiri ataka mlango uwe wazi saa mbili. Nikingoja treni, nashuka Miritini, ndiyo stesheni ya Mombasa, watu washakula pilau, washalala, washaamka. Na Miritini si mjini ati, hapo bado nigombanie matatu. Kurudi nyumbani? Kesho yake asubuhi! Tena kabla ya kupanda nitoe kitambulisho, niweke mkoba chini mbwa aunuse. Mkoba wenyewe una mahamri. Mwisho wa mwezi huyo mbwa atakuwa ananidai.

"Basi panda matatu, mjomba. Barabara kuu si hiyo hapo?"

Unasikia maneno hayo? Nilipie ploti bei ya stesheni ili nikapande matatu, nikae foleni nyuma ya malori ya bandarini! Ushuzi mtupu.

Nikauliza maji. Akasema bomba la Mzima lapita kule kule. Najua lapita, lateremka kuja Mombasa tangu mie mtoto. Kupita si kusimama. Nikauliza shule, akanionyesha picha ya shule kwenye karatasi, imechorwa, na watoto wa kizungu wanacheza uani. Nikauliza hati. "Hati yaja, mjomba." Yaja na treni ya saa ngapi?

Mama watoto naye, badala ya kunisaidia, ashaanza kuuliza jiko litatazama wapi, na kama pana nafasi ya mdimu.

Nikamwambia kijana wazi: kwa ratiba hiyo, mtu pekee anayeweza kukaa Mariakani na kufanya kazi Mombasa ni bawabu wa usiku. Aingie mjini alasiri, akeshe, asubuhi akapande treni akalale kwake.

Uso ukamchangamka. Akatoa simu mfukoni.

"Mjomba, kuna godauni Changamwe wanatafuta bawabu. Nikuandikishe?"