Viroba kwenye utoro wa bwawa: nusu mita ya maji na gharama yake

Mwishoni mwa Mei, masika yanapoanza kulegea, wenye mabwawa madogo ya kumwagilia huku Muheza, Mkinga na Korogwe, mkoani Tanga, huona maji yakienda bure kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawani, roho ikawauma. Mbele yao kuna kiangazi cha Juni hadi Septemba, na vuli haiaminiki. Ndipo viroba vya mchanga hupangwa safu mbili tatu kukatiza utoro, maji yakapanda nusu mita. Ni kazi ya vibarua wawili na jioni moja.

Wanaofanya hivyo wana hesabu yao, na haina kosa. Bwawa lenye uso wa hekta 2 likiongezewa nusu mita linapata mita za ujazo 10,000. Hekta moja ya nyanya, ukijumlisha yanayopotea mferejini, hutumia karibu mita za ujazo 100 kwa siku. Basi viroba vile vinalisha hekta moja kwa siku 100, yaani tangu kupandikiza miche mpaka michumo ya mwisho. Tena jua peke yake, likila milimita 5 kwa siku, humaliza nusu mita ya bwawa katika siku hizo hizo 100. Anayemwita mkulima huyu mzembe hajakaa na shamba linalokauka.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Chukua utoro wenye upana wa mita 6, na kutoka sakafu yake hadi mgongo wa tuta la udongo linalozuia maji kuna mita moja. Ukiwa wazi unaweza kupitisha karibu mita za ujazo 10 kwa sekunde kabla maji hayajafika juu ya tuta. Weka viroba vya nusu mita. Wengi hudhani uwezo umepungua nusu. Kumbe umebaki kama theluthi, mita za ujazo 3.6, kwa sababu kina kikipungua, kasi ya maji nayo hupungua. Sasa ije mvua ya milimita 50 kwa saa moja kwenye eneo la kilomita moja ya mraba linalolisha bwawa, na nusu yake itiririke. Zinaingia takribani mita za ujazo 7 kila sekunde. Utoro ulio wazi unazimudu na nafasi inabaki. Wenye viroba, bwawa likiwa limejaa, unashindwa, na baada ya nusu saa hivi maji yanavuka mgongo wa tuta.

Tuta la udongo halikujengwa kuvukwa na maji. Yanaposhuka upande mkavu yanachimba kitako, yaani sehemu ya chini kabisa ya tuta, mfereji unapanda kurudi nyuma kuelekea mgongoni, na tuta linakatika. Na usitegemee kukimbia kuvitoa viroba usiku ule: kiroba kilicholowa kina kilo 40 au zaidi, na maji yanakigandamiza.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yetu linatajwa kidogo mno. Ile nusu mita ya tuta iliyo juu ya mstari wa zamani wa maji haijawahi kushika maji kwa muda mrefu. Ndiko udongo ulikopasuka kwa jua, ndiko mchwa na panya walikochimba, ndiko mizizi ya miti iliyoachwa ikue ilikopita na sasa imeoza. Chini ya mstari wa zamani wa maji, kasoro zilishajionyesha. Juu yake, majaribio ya kwanza ni siku uliyopanga viroba.

Kwa hiyo baada ya maji kupanda, tembea kitako cha tuta kila asubuhi. Ukikuta yanachuruzika, kinga kwa ndoo ya lita 10 na uandike imejaa kwa dakika ngapi. Chota glasi moja, iache saa nzima. Maji maangavu, kiasi kisichobadilika: endelea kupima. Ukikuta tope limetuama chini ya glasi, au ndoo inajaa haraka kuliko jana, tuta linaliwa ndani. Wengi hukimbilia kuziba kwa udongo wa mfinyanzi pale yanapotokea, na hilo ni kosa: maji yatatafuta tundu jingine. Tandaza mchanga wa chembe kubwa, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Fungua valvu ya bomba la chini ili kushusha maji, lakini hali ikiruhusu usizidishe sentimita 30 kwa siku, maana ukiyashusha ghafla, upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka.

Wapo wanaosema waweke viroba Julai, mvua kubwa zikiwa zimepita. Kwa bwawa linalolishwa na kijito kisichokauka kutoka Usambara, hoja hiyo ina uzito: safu moja tu, iondolewe kabla ya Oktoba, na awepo mtu wa kulinda. Kwa mabwawa yanayotegemea maji ya mvua haina faida. Wakati viroba havina hatari, hakuna maji ya kukinga. Wakati maji yapo, hatari ipo.

Afadhali kuchimba tope Januari na Februari, mbali na kitako cha ndani, bila kutoboa tabaka la mfinyanzi la chini. Ama kuinua tuta lenyewe. Kuongeza nusu mita, kwa miteremko ya 1 kwa 3 ndani (kila mita 1 ya kimo, mita 3 za upana) na 1 kwa 2.5 nje, kunapanua kitako karibu mita 2.75. Udongo unashindiliwa ukiwa na unyevu, tabaka za sentimita 15 hadi 20, na ile mita moja kutoka sakafu ya utoro hadi mgongo wa tuta inabaki vilevile. Ni ghali. Inahitaji mhandisi, na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inahusu pia maji yaliyo shambani mwako.

Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai nchini Kenya, bwawa la umwagiliaji la shamba binafsi lilipasuka usiku katika msimu wa mvua. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wakiishi chini ya bwawa na wasiokuwa na sauti yoyote kuhusu kimo cha maji yake. Kabla ya kubeba kiroba cha kwanza, shuka na mkondo kwa miguu uhesabu nyumba, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji unachotaka kufanya.