Mashine ya Kusaga Ibaki, Kihenge Kirudi

Ingia duka lolote la mtaani Kampala saa moja jioni uangalie kinachonunuliwa. Mafuta ya kupikia yamefungwa kwenye kaveera, kimfuko cha plastiki, ya ukubwa wa kidole gumba. Sukari ni robo, unga wa posho, yaani ugali wa mahindi, nusu kilo, sabuni kipande kilichokatwa kwa kisu. Hicho ni chakula cha usiku mmoja. Kesho jioni mnunuzi yule yule atarudi kwenye kaunta ile ile.

Wengi wanaliita jambo hili umaskini, na ni kweli kwa sehemu. Lakini siku hizi nyumba nyingi za wakulima Soroti, Lira na Gulu, mashariki na kaskazini mwa Uganda, nazo zinanunua unga hivyo hivyo ifikapo Aprili au Mei, ilhali mahindi waliyovuna waliyauza Januari. Mzee wa zamani wa Teso, huko Soroti, angemshangaa mkulima anayenunua alichokipanda.

Kuna maandishi mengi ya kuwasifu mababu, na mengi hayamsaidii mtu. Yanasema walijitegemea kwa sababu walikuwa na umoja, na heshima, na hawakuwa wavivu. Sisi tunaona jibu liko kwenye mambo ya kawaida zaidi: nafaka waliyoichagua, chombo walichoihifadhia, na kazi iliyofanywa kwa wakati wake. Kimoja kikitoka, vingine viwili havisimami.

Tuanze na nafaka. Kihenge cha Uganda, ghala la kusukwa linalosimama uani, ambacho Waacholi hukiita dero, Waganda ekyagi na watu wa Teso edula, kilijengwa kwa ajili ya ulezi na mtama kuliko kitu kingine chochote. Punje ya ulezi ni ndogo mno, hata fukusi hawezi kukulia ndani yake. Ulezi uliokaushwa vizuri ukaachwa kwenye mashuke yake, bila kupurwa, hukaa miaka mitano bila kuharibika, na wapo wanaotaja 10. Mwanamke alitoa mashuke ya kumtosha wiki moja, akapura, akasaga, akafunika.

Halafu yakaja mahindi, na watu wakayaweka kwenye kihenge kile kile. Punje ya hindi ni chumba na chakula kwa fukusi. Dumuzi naye, yule ambaye Watanzania walimbatiza Scania kama lori, hutoboa hata mahindi yaliyo kwenye gunzi na kuacha vumbi tupu. Watu wakasema kihenge hakifai, kimepitwa na wakati. Kihenge hakikuwa na kosa. Kilipewa kazi ambayo hakikutengenezewa.

Mbona basi mahindi yalishinda? Muulize mwanamke aliyewahi kupalilia ulezi. Katika shamba la ulezi huota gugu la jamii yake, linalofanana nao kwa jani na kwa shina mpaka karibu na kutoa shuke. Kulitofautisha kunataka jicho lililozoea, na kuling'oa kunataka kuinama wiki nzima, mara mbili kwa msimu. Baada ya hapo kuna kupura, kupepeta, na jiwe la kusagia, ambalo humla mtu saa kadhaa kwa mlo mmoja. Mahindi hupaliliwa kwa jembe ukiwa umesimama. Aliyeiacha kazi ya ulezi hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka, na mara nyingi hakuulizwa na yeyote.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaotaka kila kitu cha kale kirudi. Mashine ya kusaga iliyoko senta ya biashara ni neema. Ibaki, na wanaosikitikia jiwe la kusagia wapewe walisukume mwezi mmoja tu. Ila mashine haikumlazimisha mtu kuuza akiba yake. Mambo haya mawili yalikuja pamoja, tukayachanganya.

Vita navyo vina sehemu yake, na wanaoandika kuhusu utamaduni huwa wanavipita. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa Teso waliporwa karibu wote. Ng'ombe ndiye aliyevuta plau, na samadi yake ndiyo iliyosiriba kihenge. Kwa wizi mmoja mkulima akapoteza shamba kubwa la ulezi na pia lipu ya ghala. Acholi nako, wakati wa vita vya waasi wa LRA, kuanzia 1996 watu waliondolewa vijijini wakapelekwa kambini, na kufikia 2005 waliohamishwa kaskazini yote walikaribia milioni 1.8. Kihenge kilichosimama uani kilimwonyesha kila mwenye bunduki pa kwenda kuchukua. Waliporudi nyumbani, wengi waliweka magunia ndani ya nyumba wanamolala, na mtoto aliyezaliwa kambini hakuwahi kumwona mtu akisuka dero. Ufundi ule haukudharauliwa. Ulikatwa.

Buganda na magharibi mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwa kuwa matoke hayawekwi ghalani. Huko ghala lilikuwa shamba lenyewe: migomba ya umri mbalimbali, ili kila mwezi kuwe na mkungu ulio tayari. Muhogo uliachwa ardhini, na kando yake kulikuwa na mutere, yaani vipande vikavu vya viazi, muhogo au ndizi. Mpango mzuri, lakini ulikuwa na mlango mmoja wazi: ugonjwa. Batobato kali ya muhogo ilisambaa nchini mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawalaza watu njaa. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba ukaonekana Mukono, ukaenea. Aliyekuwa na mutere alipata muda wa kupanda upya. Ambaye ghala lake lote lilikuwa na majani mabichi hakuupata.

Kwa hiyo neno tunalolitetea ni dogo: akiba ya miezi mitatu ndani ya nyumba. Tupige hesabu. Mtu mmoja hula takriban gramu 400 za nafaka kavu kwa siku. Watu sita kwa siku 90 ni kilo 216, yaani magunia mawili ya kilo 100 na kidogo juu yake. Hizo ndizo zinazovusha nyumba ya kaskazini au mashariki kutoka Aprili mpaka mavuno ya kwanza ya Juni na Julai. Linganisha na Aprili 2020, serikali ilipogawa chakula Kampala na Wakiso wakati wa kufungiwa ndani kwa ajili ya korona: kila mtu kilo 6 za unga na kilo 3 za maharagwe. Kwa kipimo hicho hicho unga ule ni siku 15. Hatusemi hivyo kuilaumu serikali. Tunasema hakuna serikali inayoweza kuwa kihenge cha kila nyumba.

Sasa namna ya kuihifadhi akiba hiyo, maana hapa ndipo wengi hukosea.

Mahindi ni ya kwanza kwa sababu ndiyo tunayolima siku hizi. Adui mkubwa zaidi ni unyevu, fukusi anafuata. Mahindi yaliyoanikwa kwenye udongo mtupu usiku yanafyonza unyevu wa ardhi, ukungu unaota, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huingia bila kuonekana kwa macho. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, ikalegeza baada ya siku chache kwa masharti. Magazeti yaliandika juu ya wafanyabiashara. Hakuna aliyeuliza kuhusu sisi tunaokula yale yaliyobaki. Anika juu ya turubai au jukwaa, ukunje kabla ya jua kuzama. Kisha pima: chukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili, uache robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipogandama usishangilie bado. Kipimo hicho kinakwambia tu kwamba uko chini ya 15, na mahindi ya kuhifadhiwa miezi mingi yanataka 13. Ongeza siku moja ya jua kali.

Maharagwe yana dawa ambayo watu huicheka mpaka waijaribu. Kiluwiluwi cha mdudu wa maharagwe huanguliwa nje ya punje, na ili atoboe lazima ajiegemeze kwenye punje ya jirani, kazi inayomchukua muda mrefu. Ukijaza gunia nusu tu na kuliviringisha sakafuni asubuhi, mchana na usiku, anapoteza egemeo na kufa kabla hajaingia. Haina gharama. Inashindwa kwa sababu mbili: gunia limejazwa pomoni, kwa hiyo punje hazigeuki, au umeanza mwezi mmoja baada ya mavuno, wadudu wakiwa wameshaingia ndani. Anza siku ile ile unayopura. Kazi hii wape watoto, wataifanya mchezo.

Viazi vitamu ndivyo tunavyovipenda zaidi, kwa sababu Teso haijavisahau. Amukeke ni vipande vyembamba vilivyokaushwa, huchemshwa na kuliwa na maharagwe au siagi ya karanga. Inginyo ni viazi vilivyopondwapondwa na kukaushwa, kisha husagwa pamoja na ulezi au mtama kuwa unga wa atapa, yaani ugali wa Teso, unaosongwa kwa maji ya ukwaju. Vuna kiangazi kikianza, Novemba au Desemba. Menya, kata unene wa milimita 3 hadi 5, tandaza juu ya mwamba safi au turubai bila vipande kulaliana. Jua zuri linamaliza kazi kwa siku mbili hadi nne, na kipande kilichoiva huvunjika kwa mlio. Kilo 100 za viazi vibichi zitakupa kama kilo 25 hadi 30. Kipande kinene hukauka nje na kubaki na maji katikati, na hicho kimoja huozesha gunia. Kilichonyeshewa hugeuka cheusi, kipikwe siku hiyo hiyo, kisirudishwe kwenye rundo. Kila mwezi toa yote, yaanike nusu siku, pepeta vumbi la wadudu. Asiyefanya hivyo hukuta unga ndani ya gunia mwezi wa nne, na si unga wa kuliwa.

Siku ya Wafanyakazi ya 2022, bei zilipopanda, Rais Museveni aliwaambia wananchi kwamba kama hakuna mkate wale muhogo. Watu walikasirika sana, na tunaelewa kwa nini. Lakini katika kelele zile likapotea jambo moja: muhogo haujiandai wenyewe. Ule mchungu una sumu ya sayanidi, na akina mama wa zamani waliitoa kwa kuumenya, kuulundika ukiwa umefunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika, kuukwangua, kisha kuukausha kabisa. Asiyejua jinsi unga wake ulivyoandaliwa anamwamini mtu asiyemfahamu. Septemba 2017 huko Kasese watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa kula unga wa muhogo wa kununua uliokuwa na sayanidi nyingi. Hilo ndilo linalotusumbua kuhusu urahisi wa siku hizi, kuliko hata bei: hatua zilizoondoa sumu zimehama kutoka jikoni zikaenda mahali tusipopaona.

Anayetaka kujenga kihenge bado anaweza. Suka fito zinazopindika, simamisha juu ya nguzo za sentimita 90 kwenda juu, kila nguzo uivishe koni ya bati ili panya ateleze, na usiache mti, ukuta wala jembe karibu kiasi cha mita moja. Siriba udongo na samadi mbichi ndani na nje, ziba nyufa kabla ya kila msimu. Fagia nafaka ya zamani yote, fukiza moshi ndani, usimwage mavuno mapya juu ya yaliyobaki. Weka ulezi au mtama kwenye mashuke. Baada ya wiki mbili chomeka mkono hadi kwenye kiwiko: ukihisi joto, kuna unyevu au wadudu, utoe wote siku hiyo.

Ila wizi haujaisha, na hatutamdanganya mtu. Kwa mahindi na maharagwe, mahali ambapo jirani haaminiki, mfuko wa tabaka tatu unaofungwa hewa isiingie unafanya kazi ambayo kihenge hakiwezi. Wadudu huimaliza hewa iliyomo, hawazai tena, na hakuna dawa ya kuua wadudu inayohitajika. Utumie kwa nafaka iliyopita kipimo cha chumvi na siku ile moja zaidi, la sivyo utakuwa umefungia ukungu. Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila mfuko wa ndani, ukunje mdomo, ubane usikilize kama inavuja. Funga mmoja mmoja kwa kamba ya mpira, ukiwa umeikamua hewa yote. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Na nunua ya kilo 50, si ya kilo 100, kwa kuwa kila ukifungua unawarudishia wadudu hewa, na mfuko uliofunguliwa unapaswa kuliwa mpaka uishe kabla ya kugusa wa pili.