Kabla ya Kununua Globu Nyingine, Angalieni Ethi ya Tela

Utalikuta usiku likishuka Kitonga, utalikuta Salgaa, utalikuta popote malori yanapopita. Tela limejaa saruji, taa ya breki ya kushoto inawaka hafifu kama kaa linalozimika, ya kulia imekufa, na dereva akiwasha indiketa kila taa ya nyuma inakonyeza. Mwenye gari dogo anayelifuata hana namna ya kujua kama linapunguza mwendo, linakata kona au limesimama. Linaniuma jambo hili, kwa sababu ugonjwa huo aghalabu una dawa ya nusu saa, na dawa yenyewe siyo globu.

Lakini globu ndiyo inayonunuliwa kwanza. Isipowaka, inanunuliwa nyingine. Kisha fundi anavuta waya mpya kutoka kwenye betri ya hosi, yaani kichwa cha lori kinachovuta tela, anauning'iniza juu ya gurudumu la tano, ile sahani ya kuungia tela, na fyuzi ikikatika anaizungushia uzi wa shaba. Safari inaendelea. Wiki ijayo tela lile lile limefunguliwa tena, na hakuna aliyeigusa pini namba 1 ya plagi yake.

Ndugu fundi, tuanze hapo. Kwenye plagi ya pini 7 ya volti 24 ambayo malori yetu mengi yanatumia, pini ya 1 ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa kawaida waya mweupe. Ya 2 ni taa ndogo za kushoto, ya 3 indiketa ya kushoto, ya 4 breki, ya 5 indiketa ya kulia, ya 6 taa ndogo za kulia. Ya 7 kila mwenye tela huitumia anavyotaka, kwa hiyo usiiamini kabla ya kuipima. Sasa tazama: umeme unaokwenda nyuma una njia sita, lakini wote unarudi kwa njia moja. Ndiyo maana kwenye kebo iliyotengenezwa vizuri waya wa ethi huwa na milimita mraba 2.5 na nyingine 1.5. Njia moja ya kwenda ikiharibika, taa za njia hiyo tu zinakufa na kila mtu anaziona. Njia ya kurudi ikiharibika, taa zote zinachanganyikiwa, na fundi anatafuta magonjwa matano mahali penye ugonjwa mmoja.

Chukua hesabu ya tela la kawaida lenye globu za zamani. Breki mbili za wati 21, indiketa moja ya wati 21, taa ndogo za nyuma nne na za ubavuni kumi, zote za wati 5. Jumla ni wati 133, sawa na ampia 5 na nusu hivi kwenye volti 24. Pini ya ethi ikishika kutu ya kijani ya ukinzani wa ohmu 1 tu, karibu volti 4 na nusu zinaishia kwenye kutu hiyo. Globu inapata volti 19 na kidogo, na mwanga wake unashuka hadi kama nusu. Ethi ikikatika kabisa, umeme wa breki unatafuta mlango mwingine: unapita kwenye nyuzi za taa ndogo, unarudi kinyumenyume kupitia waya wake hadi mbele. Ukiona mtu anakanyaga breki na taa ndogo za hosi zinawaka zenyewe, acha globu. Nenda pini ya 1.

Kuna kosa linalowapoteza hata mafundi wazuri. Anachomoa kebo, anaweka mita kwenye soketi, anasoma volti 24 kamili, anasema hosi ni nzima. Mita ya dijitali inavuta umeme kidogo mno. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaipa volti 24 zake zote, kisha utashindwa kuwasha globu moja. Testa ya taa ya LED inadanganya vivyo hivyo. Pima umeme ukiwa na mzigo. Tengeneza taa ya kupimia: globu ya volti 24 wati 21, holda yake, waya mbili za mita moja na nusu zenye klipu mwishoni. Hiyo inavuta karibu ampia 1, na waya mbovu hauwezi kujificha mbele yake.

Kazi yenyewe inafuata njia ya umeme, kutoka mbele kwenda nyuma. Jaza upepo kwanza, maana kwenye hosi nyingi swichi ya taa za breki inasukumwa na upepo. Mtungi ukiwa mtupu utatafuta hitilafu isiyokuwepo. Washa swichi, utingo akae kwenye usukani. Chomoa kebo kwenye soketi ya hosi, klipu moja ya taa yako kwenye pini ya 1, nyingine pitisha pini moja moja huku utingo akiwasha anachotajiwa. Mwanga ni mkali kote? Hosi imepona, usiiguse tena. Mwanga hafifu kote? Hamisha klipu ya ethi uiweke kwenye hasi ya betri moja kwa moja. Ukiwa mkali, ethi ya soketi ndiyo mbovu, na mara nyingi ni ile nati inayoibana kwenye chasisi juu ya rangi na kutu.

Rudisha kebo kwenye hosi, upime upande wake wa pili. Hapa usipime tu na kuondoka. Ikiwa taa inawaka, shika kebo karibu na plagi, ipinde, ivute, izungushe. Kebo hii hukatikia ndani, pale inapoingia kwenye plagi, huku ganda la nje likionekana zima. Taa ikizimika mkononi mwako, umeshapata. Kata sentimita kumi, funga plagi upya.

Kisha boksi la maungio mbele ya tela, kisha nyuma. Kwenye tela ndipo mita inapopata kazi yake ya kweli. Vuta waya wa mita kumi na tano au ishirini kutoka hasi ya betri hadi nyuma. Taa zote zikiwa zinawaka na breki imekanyagwa, ncha moja ya mita ishike waya huo, nyingine iguse hasi ya holda ya taa. Unasoma volti zinazopotea njiani. Shaba ya milimita 2.5 ina ohmu 0.7 hivi kwa mita 100, kwa hiyo kwa tela lile la ampia 5 na nusu, kupotea nusu volti au zaidi kidogo ni urefu wa waya tu. Ukisoma 2, au 4, rudi mbele ukigusa kila kiungio cha ethi. Pale namba inaposhuka ghafla kati ya kiungio na kiungio, ugonjwa uko hapo katikati. Hakuna kubahatisha.

Nakubali, globu nazo huungua. Nakubali pia kwamba tela linaweza kuwaka bila waya wa ethi, kwa kurudisha umeme kupitia kingipini, kile chuma cha tela kinachoingia kwenye gurudumu la tano, na gurudumu lenyewe. Lakini pale pamejaa grisi, na tela linacheza. Taa zitawaka limesimama na kuzimika kwenye mashimo. Kuna nyingine inayofanana na hiyo: hasi zote zikiwa zimefungwa pamoja kwenye chasisi ya tela, taa huweza kuishi kwa kuazima ethi nene ya kebo ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga kwenye breki. Ukichomoa kebo ya ABS na taa zikavurugika, jua zilikuwa zinaazima.

Suala la fyuzi nalisema bila kulainisha neno. Fyuzi ya ampia 10 ikikatika, mara nyingi kuna waya wa tela umechubuka na unagusa chuma, kwa kawaida unapopita kwenye ukingo wa chasisi au karibu na ekseli. Ukiweka uzi wa shaba, kitakachoungua ni waya ndani ya dashibodi, na kuna mtu amelala nyuma ya kiti. Shoti hutafutwa hivi: chomoa kebo ya tela. Fyuzi mpya ikikatika tena, shoti iko kwenye hosi. Ikikaa, iko nyuma. Sasa toa fyuzi, weka ile taa yako ya wati 21 mahali pake, rudisha kebo. Shoti ikiwepo, taa itawaka kwa nguvu zote lakini haitapitisha zaidi ya ampia 1, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Ondoa tawi moja moja kwenye boksi la maungio, au tikisa waya chini ya tela. Taa inapofifia ghafla, mkono wako uko juu ya jeraha.

Hosi za soko la Marekani ni volti 12, na plagi zake zinafanana sana na zetu. Soma betri kabla ya kuunganisha.

Pini zisafishwe kwa msasa laini na dawa ya kusafishia umeme, zipakwe grisi ya silikoni kidogo tu. Zile zilizopasuliwa katikati huminyana zikalegea. Zipanue kidogo kwa ncha ya kisu. Kifuniko cha soketi kisichorudi chenyewe kibadilishwe, hasa kwa magari yanayolala Mombasa, Tanga na Dar, ambako hewa ya chumvi hufanya shaba kuwa kijani upesi. Usitoboe ganda la waya kwa sindano ya testa: kila tundu ni mlango wa maji. Na waya wa kuunganisha usisokotwe kwa vidole ukafungwa tepu. Ubane kwa kiungio cha shaba, uvishe mpira unaonywea kwa moto, ufunge kwenye chasisi kila baada ya sentimita thelathini.

Kabla ya kupokea hela, washa taa ndogo, indiketa na breki kwa wakati mmoja, uende nyuma uangalie. Taa ikiwashwa peke yake haijajaribiwa. Breki ziwake nyekundu kali bila kutetereka wakati indiketa inapokonyeza. Zikipepesa pamoja nayo, hata kidogo, rudi pini ya 1.