Zoom, Meet, Teams au Jitsi: anayeamua ni mtu wa Tunduma

Chukua kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Dar es Salaam, karani mmoja Tunduma, mpakani na Zambia, na wateja Lubumbashi, Kongo. Kila Jumatatu wanakutana mtandaoni kujadili makontena yaliyokwama, nani kalipiwa, nani hajalipiwa, na lori lipi limefika mpakani. Mwenye kampuni akiuliza achague huduma gani ya mikutano kati ya Zoom, Meet ya Google, Teams ya Microsoft na Jitsi, ataletewa majedwali: hii inabeba watu 300, ile inaandika muhtasari kwa akili mnemba. Mengi ya hayo hayamhusu. Swali la kwanza ni karani wa Tunduma, mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku, atasikika au hatasikika. Huduma isiyomfikisha yeye mkutanoni haifai, hata kama inafanya kazi vizuri pale makao makuu kwenye faiba.

Tuanze na hesabu ya data. Kwa maelezo ya Zoom yenyewe, sauti peke yake hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na kushea skrini bila video hutumia 50 hadi 75. Video ya kundi yenye ubora wa kawaida hutaka jumla ya megabiti 1.6 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Kwa saa nzima, mwenye video anakula takriban MB 720. Anayesikiliza, kuzungumza na kutazama hati ya shehena kwenye skrini hafikishi MB 110. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama karani atamaliza mkutano au bando litamwisha katikati.

Hapa wengi hukosea. Mtu akisikia sauti inakatakata, huzima kamera yake akidhani amemaliza kazi. Amepunguza kinachotoka tu. Nyuso za wenzake bado zinaingia, na hizo nazo ni mzigo mkubwa. Zoom na Teams zina kitufe cha kuzuia video zinazoingia. Kila mtu wa ofisi afundishwe kitufe hicho kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote, maana kinaokoa mikutano mingi kuliko kuhamia kampuni nyingine.

Sasa upande wa fedha. Zoom ya bure inaruhusu watu 100, lakini mkutano unakatika baada ya dakika 40. Meet na Teams za bure hukata mkutano wa kundi baada ya dakika 60, nazo kwa watu 100. Wapo wanaotetea mipango hii ya bure, na wana hoja: kikao cha Jumatatu kinachojua kinachotafuta hakihitaji kuzidi dakika 40, na ukomo huo huwafanya watu wafike kwa wakati. Hoja hiyo inasimama kwa vikao vya ndani. Kwa mteja haisimami. Mteja wa Lubumbashi aliyekatiwa mkutano wakati mnajadili gharama za kuchelewesha kontena hatafikiria mipango ya bure. Atafikiria kwamba anashughulika na watu wasio makini.

Ukiamua kulipa, tazama namna ya kutoza kabla ya kutazama bei. Zoom hutoza kwa kila mwenyeji, yaani anayeitisha mkutano, wanaoalikwa hawalipiwi. Ofisi ya watu 15 yenye waitishaji wawili inanunua leseni mbili. Meet ndani ya Google Workspace na Teams ndani ya Microsoft 365 huja pamoja na barua pepe na hifadhi ya mafaili, na hulipiwa kwa kila mtumiaji. Kwa hiyo ukilinganisha bei ya leseni moja na nyingine unalinganisha vitu viwili tofauti. Kampuni ambayo tayari inalipia barua pepe kwa Google au Microsoft ina chumba cha mikutano mkononi mwake, na kuongeza Zoom juu yake mara nyingi ni kulipa mara mbili. Lakini soma ngazi uliyonunua: Business Starter ya Google, ile ya chini, hairekodi mkutano; kurekodi kunaanzia Business Standard. Wengi hugundua hilo siku wanapoihitaji rekodi.

Malipo nayo yana mtego wake. Bei nyingi ni za dola, hukatwa zenyewe kila mwezi kwenye kadi. Kadi ya kidijitali inayojazwa kwa pesa za simu, kama GlobalPay ya M-Pesa nchini Kenya, inafanya kazi hiyo, mradi iwe na salio siku ya kukatwa. Ikikosa, akaunti ya Zoom inaweza kurudi kwenye mpango wa bure, na siku moja mkutano unakatika dakika ya 40 bila yeyote kujua sababu. Angalia pia kama bei imejumlisha VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya.

Kuna wanaosema haya yote ni ya nini, WhatsApp ipo. Tusiwapuuze. Simu ya kundi ya WhatsApp inabeba watu 32, inasimbwa mwanzo hadi mwisho (yaani hakuna wa katikati anayeweza kusikiliza) bila kubonyeza chochote, inaruhusu kushea skrini, na hakuna mteja asiyeijua. Kwa jambo la dakika kumi kati ya Dar na Tunduma ni chaguo zuri kabisa. Inachokosa ni utawala: haina rekodi yake, na mazungumzo yanabaki kwenye namba binafsi za wafanyakazi. Karani akiacha kazi anaondoka na kumbukumbu zote. Kikao kinachopitisha malipo kisifanyike huko.

Upande mwingine wapo wanaotaka kumiliki kila kitu, nao huenda kwa Jitsi Meet, programu huria isiyo na ada ya leseni. Faida yake kubwa hapa kwetu ilionekana Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania na majirani zake kudorora. Seva ya Jitsi iliyopo Dar es Salaam ingeweza kuendelea kuwaunganisha watu wa ndani ya nchi, iwapo watoa huduma wao wanabadilishana data hapa hapa kupitia TIX, kituo cha kubadilishana data cha watoa huduma wa Tanzania. Mteja wa nje angebaki na shida ileile.

Ila kuiendesha ni kazi. Seva ya ofisi ndogo inahitaji kama viini (cores) 4 vya prosesa na GB 8 za RAM, na milango ya TCP 80 na 443 pamoja na UDP 10000 iwe wazi (TCP na UDP ni njia mbili za kusafirisha data mtandaoni). Video za wote hupita kwenye seva hiyo, nayo humtumia kila mmoja video za wenzake. Watu kumi wakituma kilobiti 500 kila mmoja na wote wakionana, seva inatoa mara tisa kwa kila mtu: megabiti 45 kwa sekunde. Laini ya ofisi yenye megabiti 10 za kupandisha haiwezi, ndiyo maana seva hukodiwa kwenye kituo cha data. Kurekodi kwenye seva kunahitaji programu ya pembeni, Jibri, na Jibri moja hurekodi mkutano mmoja tu kwa wakati. Bila fundi wa kudumu usijaribu. Atakapoondoka, hakuna wa kuweka masasisho ya usalama.

Kabla ya kuilaumu huduma yoyote, fundi akague mtandao wako. Sababu ya kawaida ya sauti za kuvutika ofisini ni faya-woli, yaani ukuta wa usalama wa mtandao, iliyofunga UDP. Zoom, Meet na Teams zote hupendelea UDP. Zikizuiwa hukimbilia TCP 443. Mkutano unafunguka, hivyo hakuna anayeshuku kitu, lakini TCP husubiri kila pakiti, yaani kipande cha data, iliyopotea itumwe tena, na sauti inachelewa kisha inakuja kwa mkupuo. Kwa Zoom fungua UDP 8801 hadi 8810, kwa Teams 3478 hadi 3481. Watu watano walio chumba kimoja watumie kompyuta moja yenye spika na maikrofoni moja nzuri. Kompyuta tano zinabeba video mara tano na kuzaa mwangwi. Ruta iwe na UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, kwani laptopu ina betri na ruta haina.

Usalama unavutana na urahisi. Nenosiri na chumba cha kusubiri vinamzuia mvamizi, lakini vinahitaji mtu wa kukaa mlangoni kuwaruhusu wanaochelewa. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho upo Zoom tangu Oktoba 2020. Ukiuwasha, rekodi ya kwenye wingu na kujiunga kwa kupiga namba ya simu havifanyi kazi. Kwa maoni yetu, mkutano wa wateja unahitaji rekodi kuliko usimbaji huo, na kikao cha mishahara kinyume chake. Nayo rekodi ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ile ya Kenya ya 2019 zinagusa sura na sauti za watu, na pia kuzipeleka nje ya nchi, ambako ndiko seva nyingi za wingu ziliko. Waambie washiriki kabla ya kubonyeza kitufe, eleza rekodi ni ya nini, na panga tarehe ya kuifuta.

Kwa kampuni yetu ya forodha, tungeshika huduma iliyokuja na barua pepe, tukiwa na leseni moja ya Zoom iwapo wateja wengi wameizoea. Lakini jaribio litangulie: siku ya kazi, saa nne asubuhi, mtandao ukiwa na msongamano, dakika 45, karani akiwa kwenye simu yake na bando lake, mteja akiwa kwake. Fungua takwimu za mkutano ndani ya Zoom. Zoom hupendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150, mtikisiko (kupanda na kushuka kwa ucheleweshaji huo) usizidi 40 na pakiti zinazopotea zisizidi asilimia 2. Rudia na huduma ya pili wiki hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, watu walewale. Lipa kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, na kabla ya kusaini mwaka uliza rekodi zinakaa wapi na kwa muda gani: za Teams, kwa mpangilio wa kawaida, hufutwa baada ya siku 120 kama msimamizi hajabadilisha.